Mbegu ya Pembe Mbaya

Machi 22

Daftari jipya sikupata dukani Minjila, kwa hiyo naandika katika kitabu changu cha zamani cha maandalio ya masomo. Nusu yake bado ni tupu. Kila ukurasa una safu ya mwisho yenye kichwa "Maoni", na kwa miaka thelathini na mmoja ya kufundisha sayansi niliijaza kwa neno moja tu: Limeeleweka. Mwalimu mkuu hakuwahi kuniuliza limeeleweka na nani.

Naandika kwa sababu nataka kujua kosa liko wapi. Mwaka juzi nilivuna magunia manne ya mahindi. Mwaka jana gunia moja na nusu. Shamba ni lile lile, na mbegu ni ile ile ya marehemu mke wangu Zipporah, ambayo aliipata kwa mamake, na mamake kwa nyanyake. Sasa ni miaka sita tangu aniachie. Msimu huu nitaandika kila kitu, kama mtu anayefanya jaribio, na nitaona.

Mvua bado.

Machi 29

Mvua bado.

Aprili 3

Mawingu yalikuja kutoka upande wa Kipini, yakasimama juu yetu kama yanatuhesabu, yakaenda zake.

Aprili 7

Imenyesha, tena ya kutosha. Nimeteremsha mbegu kutoka juu ya meko. Sisi mbegu hatuiweki ghalani. Hindi linafungwa kwa maganda yake na kuning'inizwa juu ya moto wa kupikia, moshi uwafukuze fukusi. Mwaka jana nilichagua mahindi kumi na manane, makubwa kuliko yote, yaliyojaa punje mpaka nchani. Niliyatoa upande wa bondeni, ambako udongo ni mweusi na mlaini.

Jirani yangu Kazungu Mramba alinikuta nikiyapukuchua. Ni Mgiriama, babake alihamia huku kutoka kusini, naye hajawahi kupita hapa bila kunichokoza.

"Mwalimu, haya mahindi wayalisha nini? Yamenona kuliko wewe."

"Hii ndiyo inaitwa kuchagua mbegu, Kazungu. Mzazi bora, mtoto bora."

"Mimi nanunua ya pakiti Garsen. Mzazi simjui na sitaki kumjua."

Aprili 9

Nimemaliza kupanda shamba lote, pamoja na pembe mbaya. Hili nilieleze, maana nikisoma kitabu hiki siku nyingine huenda nikasahau.

Zamani mto ulikuwa ukipanda shambani kila mwaka, ukakaa wiki mbili tatu, ukashuka na kuacha tope jipya. Ilikuwa pembe moja tu, ile ya juu karibu na mti wa mkungu, ambayo maji hayakuifikia. Huko ndiko kulikokuwa na lile gugu dogo lenye maua mekundu. Vitabu vinaliita kiduha. Sisi tunasema maua mekundu, na kila mtu anajua msiba gani unazungumzwa. Halijitafutii chakula udongoni kama mimea mingine. Linaingiza mzizi wake ndani ya mzizi wa hindi na kunyonya. Pembe ile tuliiita mbaya, na Zipporah aliilima kila mwaka kwa ukaidi wake.

Siku hizi mto haupandi tena. Sijui wanafanya nini nao huko juu. Tope jipya halijaja miaka minane, na maua mekundu yameshuka kutoka kwenye pembe, hatua kwa hatua, mpaka bondeni.

Aprili 20

Yameota vizuri. Sina la kusema.

Mei 4

Magotini. Kazungu ananiuliza nimeyasomesha darasa la ngapi.

Mei 12

Majani yamejikunja mchana kama yana kiu, na udongo umelowa. Nimechimba kwa kidole, maji yapo. Hindi linakufa kwa kiu likiwa limesimama ndani ya maji. Najua maana yake. Nimejifanya sijui hadi jioni.

Mei 18

Yametoka. Maua mekundu, madogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kila shina lina kumi, ishirini. Ukiyatazama bila kujua kazi yake utasema ni mazuri. Nimeng'oa tangu asubuhi hadi mgongo ukakataa, na najua kung'oa hakusaidii kitu, likishachomoza juu ndipo limekwisha kula. Bondeni pia. Yale mahindi niliyojivunia yamekuwa ya manjano, yamefika kifuani na kusimama hapo.

Kazungu naye ya pakiti yamekamatwa. Leo hakunichokoza.

Mei 25

Nimerudi kutoka Kilelengwani. Nilikwenda kwa ubatizo wa mjukuu wa Josephine, dadake Zipporah. Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Baada ya chakula nilikaa naye jikoni kwake akimenya mihogo. Akaniuliza habari za shamba.

"Yamekamatwa na maua mekundu, shemeji. Yote."

"Hata ya pembe mbaya?"

"Pembe mbaya sasa ni shamba zima."

"Si wapanda mbegu ya Dada?"

"Hiyo hiyo. Sijawahi kupanda nyingine."

"Na waitoa upande gani, hiyo ya kuweka?"

"Bondeni. Yale makubwa."

Akaweka kisu chini. "Shemeji, Dada hakutoa mbegu bondeni hata siku moja. Ya bondeni ni ya kula. Mbegu yatoka kule kwenye maua mekundu. Mama pia alifanya hivyo. Wewe hukuona?"

Nilikuwa nimeona. Hilo ndilo linaloniua. Miaka yote ya ndoa yetu nilimwona mke wangu akipita bondeni penye mahindi ya kujaza mkono, akaenda kwenye ile pembe na kurudi na vihindi vidogo, vingine vimejaa nusu, akavifunga kwa heshima juu ya meko. Na mimi nilimcheka. Nilimwambia mbele ya wageni kwamba mke wa mwalimu wa sayansi anachagua viwete awafanye wazazi. Wageni wakacheka. Yeye pia alicheka, akaenda kuongeza chai.

Miaka thelathini na mmoja nilifundisha somo hili hili! Nilichora ubaoni: viumbe wa aina moja hawafanani, adui anapokuja wasioweza kumhimili wanakufa, waliobaki ndio wanaozaa, na watoto wanarithi kile kilichowaokoa wazazi. Niliuliza wanafunzi, nikawapa alama. Limeeleweka. Na nyumbani kwangu mwanamke aliyeishia darasa la tano alikuwa akilifanya somo hilo kwa mikono yake, msimu baada ya msimu, na nyanyake kabla yake. Alikipeleka kizazi kizima cha mahindi mbele ya adui, akakusanya watoto wa waliosimama.

Mimi, alipokufa, nikachukua jembe na kuanza kurekebisha. Bondeni hakuna mmea uliojaribiwa. Hindi kubwa la bondeni lilikuwa na bahati ya udongo, basi. Tena mmea unaojilinda hulipia ulinzi huo, unakuwa na hindi dogo zaidi. Kwa hiyo nilipochagua makubwa nilikuwa nawakataa wenye ulinzi, mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka, na kujipongeza. Mara sita. Kazi ya wanawake watatu nimeibomoa kwa misimu sita, na sikuhitaji hata kuwa mvivu. Ningekuwa mvivu ingebaki.

Josephine alinitazama, kisha akainua macho juu ya meko yake. Yalining'inia mahindi mawili, meusi kwa moshi kama makaa.

"Yale ni ya Dada. Alinipa mwaka ule aliougua."

"Shemeji, nipe."

"Si ya kupanda. Ni ya kumkumbuka. Nguo zake mliwagawia watu, mimi nimebaki na hayo."

Nilimwomba kama mtoto. Sioni haya kuandika. Mwishowe alipanda juu ya kigoda, akakata kamba moja.

"Moja. Na likifa, shemeji, usije ukaniambia."

Mei 27

Nimeng'oa mahindi yangu yote ya pembe mbaya na kupanda ya Zipporah. Punje sitini. Zilizobaki gunzini zimeliwa katikati, ni unga tu. Kazungu ameniambia nimechelewa mno, mvua inaondoka. Nikamwambia nitanywesha kwa mtungi.

"Kutoka mtoni mpaka huku juu?"

"Ndiyo."

"Mwalimu, una miaka sitini na nne."

Juni 1

Hakuna kitu.

Juni 3

Hakuna kitu. Mitungi sita.

Juni 5

Moja! Nimepiga magoti nikaondoa bonge la udongo kwa ncha ya kalamu.

Juni 8

Kumi na moja. Punje sitini, zimeota kumi na moja. Moshi wa miaka sita umezimaliza nyingine. Nimeweka kijiti kando ya kila mmea na kuandika namba, moja hadi kumi na moja, kama namba za mtihani.

Juni 16

Kazungu amefungulia mbuzi wake shamba lake la mahindi. Wamekula siku mbili wakamaliza.

Juni 17

Mimi sina mbuzi. Langu la bondeni limesimama tu, kavu.

Juni 29

Yamenipita kiuno. Majani ya kijani, mapana, hayajikunji hata saa saba mchana. Nimemwita Kazungu aje aone, nikampitisha kutoka namba moja hadi ya mwisho, na nikamweleza kila kitu kuhusu Zipporah na kosa langu. Alisikiliza bila mzaha.

"Mama Hiribae alikuwa mtu," alisema. Hiribae ni mwanangu wa kwanza.

"Nitakupa mbegu, Kazungu. Mwaka wa tatu hivi, ikishaongezeka."

"Nitaishi."

Nimekula vizuri leo. Nimeimba nikibeba mtungi. Naandika hili ili lisomeke siku nyingine: nilikuwa na furaha.

Julai 9

Namba saba. Nilidhani ni tone la damu, kwa sababu nilikuwa nimejikata mguu. Nimeinama. Ua jekundu, moja, limechomoza kiganja kimoja kutoka kwenye shina.

Julai 10

Namba saba ina manne. Namba mbili, mawili. Namba tatu na kumi, najidanganya kwamba ni majani mengine.

Julai 13

Tisa kati ya kumi na moja.

Sikulala mchana wala sikula. Nimekaa chini pale kwenye pembe na kufikiri, maana kufikiri ndiyo kazi pekee niliyowahi kulipwa. Na nimeelewa, na afadhali nisingeelewa.

Nilidhani Zipporah aliniachia kitu. Mbegu yenye ulinzi, kama mtu anavyoachiwa sanduku. Nikadhani nililipoteza sanduku, na Josephine alikuwa na la pili. Lakini kiduha nacho ni mmea, nacho kina watoto wasiofanana. Ua moja linatoa mbegu kama vumbi, maelfu kwa maelfu, zinalala udongoni miaka mingi zikisubiri kunusa mzizi wa hindi. Kila mara Zipporah alipopanda mahindi yenye ulinzi, kati ya vumbi lile walikuwapo wachache walioweza kuupenya, nao ndio waliozaa. Mwaka uliofuata yeye alichagua tena mahindi yaliyowahimili hao. Wao wakapata njia, naye akafuata. Ilikuwa mbio, yeye mbele hatua moja, na hakusimama hata mwaka aliougua.

Kisha alikufa. Hindi lile likaning'inia kwenye moshi wa Josephine miaka sita bila kubadilika hata punje. Na chini, shambani, mimi niliwalisha maadui zake misimu sita, tena niliwalisha vizuri, wakazaana kwa maelfu, wakachanganyika, wakaenea. Nimelirudisha hindi la zamani vitani, na adui aliyelizoea hayupo tena. Yupo mjukuu wa mjukuu wake.

Nilimwambia Kazungu kwa kifupi. Alikuwa ananoa panga.

"Kama dawa ya mbu," alisema. "Ile ya kwanza walikufa. Hii ya sasa wanaitumia kama marashi."

Nilicheka, kisha nikashindwa kunyamaza, mpaka akaweka panga chini na kunishika bega.

Julai 20

Kumi kati ya kumi na moja. Mitungi minne. Sijui nabeba kwa ajili ya nani.

Julai 28

Yametoa ndevu. Mafupi, lakini yametoa.

Agosti 6

Ngedere wamevunja namba tano, sita na kumi na moja. Namba kumi na moja ndiyo pekee iliyokuwa haijaguswa na maua mekundu. Huenda ilikuwa na ulinzi kweli. Huenda zamu yake ilikuwa bado tu. Sitajua, na hakuna mtu duniani atakayejua. Nimepata gunzi lake kando ya mto, limetafunwa safi.

Agosti 7

Nimejenga kibanda nikae na mimea mchana. Kazungu ananiletea uji bila kuulizwa.

Agosti 15

Joto. Namba moja, mbili, nane na tisa zimekauka bila kitu.

Agosti 24

Josephine amepiga simu kuuliza hali yangu. Nimesema nzuri. Nimeongea juu ya mafua.

Agosti 30

Josephine alikuja leo bila kuniambia. Alishuka Minjila akatembea kwa mguu mpaka shambani. Alinikuta kibandani. Alitazama bondeni, akatazama pembe, akatazama vijiti vyangu kumi na moja na mimea minne iliyobaki na maua mekundu yanayoizunguka, na sikuwa na haja ya kusema lolote. Hata hivyo nikasema. Alikuwa ameniomba nisimwambie, nami nikamwambia yote, kuhusu mbio, na moshi, na mjukuu wa mjukuu.

Alifungua kanga yake. Lile hindi la pili lilikuwa ndani.

"Nilikuja nalo," alisema. "Nilijua sauti yako kwenye simu. Panda."

Mei ningelinyakua. Leo niliweka mikono nyuma.

"Hapana, shemeji. Litakufa kama lile. Lirudishe juu ya meko. Ni la kumkumbuka."

Alilifunga tena kwenye kanga, taratibu sana, kama anamfunika mtoto.

Tulivuna pamoja. Mahindi manne, madogo kama vidole vya mguu. Mawili hayakuwa na punje zaidi ya tano. Namba tatu ilikuwa na punje ishirini na sita, na maua mekundu yalijaa chini yake kama zulia, lakini ilikuwa imezaa. Namba kumi ilikuwa na punje kumi na tano, na maua mawili tu chini yake. Nilizipanga kwenye jani. Moja iliwavumilia, nyingine iliwazuia. Nikichagua vibaya tena, nitapoteza misimu mingine sita, ambayo sina. Nikichanganya zote, huenda nikaipunguza ile iliyo bora. Ubaoni ningewapa wanafunzi jibu kwa dakika mbili. Nikiwa na punje arobaini na moja mkononi, nilizihesabu tena.

"Dada hakuchagua kwa kutazama juu," Josephine alisema. "Aling'oa mmea mzima. Akaosha mzizi kwenye karai, akautazama kwa muda. Mwingine alitupa pamoja na hindi lake, hata kama ni zuri. Mwingine aliweka."

Niling'oa namba tatu na namba kumi, nikaziosha kwa maji ya mtungi. Mzizi wa namba tatu ulikwenda chini moja kwa moja, mrefu, na viduha vilivyoushika vilikuwa vinene. Mzizi wa namba kumi ulisambaa, na pale kiduha kilipoushika palikuwa na madoa meusi, kama umeungua. Tofauti ilikuwa wazi kabisa. Nilimwinulia yote miwili.

"Upi, shemeji? Alitafuta nini? Mrefu au wenye madoa?"

"Sijui."

"Kumbuka. Doa lilikuwa zuri au baya?"

"Nilimwuliza siku moja," alisema. "Hakunieleza. Alisema si haja, amekwisha kukueleza wewe, mwenye shule, nawe utaandika."

Amelala chumba cha watoto. Mimi niko jikoni na vihindi viwili, kamba ninayo, moto upo.

Ni kweli alinieleza. Nakumbuka siku yenyewe. Alikuja uani ameshika mmea kwa shingo, maji yakimdondoka kwenye viwiko, akasema, "Babake Hiribae, njoo uone hapa," na kunionyesha kwa kidole kitu fulani mzizini. Nilikuwa nasahihisha mitihani, sikutazama kidole kinaelekea wapi. Nilimwambia mzizi haurithishi chochote, mbegu ndiyo inayorithisha. Nikamweleza kwa dakika kumi, kwa sauti ya darasani, na hata nikamchorea nyuma ya karatasi ya mwanafunzi. Alisimama akasikiliza hadi nilipomaliza. Kila neno langu nalikumbuka.